Kutupia jicho si kuangalia



Ndugu msomaji, haya tunayoyaandika leo yalianza kwa swali la mwanafunzi, yakaishia kwenye deni ambalo bado tunalilipa. Baadhi ya wajumbe wa kamati walitushauri tuyaweke kwenye ukurasa huu wa familia. Tulisita, kwa kuwa si jambo jepesi kwa katibu wa msikiti kusimulia uzembe wake mbele ya watu. Mwishowe tulikubali, tukiamini kuwa kosa likifichwa humfundisha aliyelitenda peke yake, na wapo wengi wanaoshika karatasi za wenzao kama tulivyozishika sisi.

Msikiti wetu hapa Tunduma una darasa la Kiingereza, siku mbili kwa wiki baada ya swala ya Isha. Darasa hilo halikuanzishwa kwa kuitukuza lugha ya wageni. Lilianzishwa kwa sababu mji wetu umepakana na Nakonde ya Zambia kiasi kwamba mtu huvuka kwa miguu kwenda kununua unga na kurudi kabla maji hayajachemka, na ng'ambo ile karatasi za serikali na za biashara huandikwa kwa Kiingereza. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Oktoba 2019, maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, na kijana anayetafuta kibarua kwa wakala wa forodha huulizwa kwanza kama anaweza kusoma nyaraka. Sisi tulipata Kiingereza kidogo sambamba na Kiarabu katika chuo cha Kiislamu tulikosoma, na kwa hiyo kamati ikatukabidhi chaki.

Usiku mmoja binti anayefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakala alinyoosha mkono na kuuliza, "Ustadh, glance na glimpse zina tofauti gani? Bosi wangu huniambia kila siku ni-glance nyaraka, na kitabu kinasema glimpse, nami naona ni kitu kimoja."

Muda ulikuwa umekwisha na wanafunzi walikwishaanza kufunga madaftari. Tukaandika ubaoni kwamba maneno yote mawili maana yake ni kuangalia kwa haraka, tukawaambia wanakili, tukafuta ubao. Hata binti yule hakuonekana kuridhika, lakini adabu ilimzuia kuuliza tena. Jibu lile lilikuwa na kosa kubwa ndani yake, nasi hatukuliona mpaka lilipotugharimu.

Wiki chache baadaye alitujia mama mmoja, jirani wa msikiti, mke wa dereva wa lori. Mumewe alikuwa amefariki katika ajali upande wa Zambia, baina ya Isoka na Mpika, akirudi na lori kuelekea nyumbani. Kamati yetu ndiyo iliyosimamia mazishi. Mama huyo alikuwa bado ndani ya eda, akatoka mchana kwa dharura, akiwa ameongozana na mwanawe wa kiume wa darasa la sita. Ilikuwa baada ya Alasiri. Fundi wa pampu ya kisima alikuwa anatusubiri uani, simu ilikuwa inaita, na kikao cha kamati kilikuwa kianze muda si mrefu.

"Assalaamu alaykum, ustadh."

Tukaitikia salamu na kumpa pole.

"Nimeshapoa, alhamdulillah. Ofisini kwa marehemu wamenipa karatasi hizi nitie saini ndipo wanipe fedha. Ziko kwa Kizungu. Naomba uniangalizie."

Zilikuwa kurasa nne zilizobanwa pamoja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha maneno matatu kwa herufi nene, At a Glance, yaani mambo yote kwa mtupo mmoja wa jicho. Chini yake palikuwa na jedwali safi: jina la marehemu, tarehe ya ajali, gharama za jeneza na za kusafirisha mwili, na mwisho rambirambi ya shilingi milioni mbili kwa mjane. Hesabu ililingana na tuliyoyajua. Tukafunua ukurasa wa pili, tukaona maandishi madogo yaliyobanana, tukaufunika. Tulimwambia kuwa ziko sawa, ni karatasi za rambirambi, atie saini mahali pale penye mstari. Akatia. Tukatia saini yetu kama shahidi, na juu yake tukagonga muhuri wa msikiti. Akashukuru, akatuombea dua, akaondoka. Nasi tukaenda kwa fundi wa pampu.

Eda ilipomalizika, mama yule alikwenda ofisini kuulizia mishahara ya miezi miwili ambayo mumewe hakuwa amelipwa kabla ya safari ile ya mwisho. Jumla yake ilikuwa shilingi 900,000. Karani wa pale alifungua jalada, akamwonyesha ukurasa wa tatu. Kulikuwa na kifungu kinachosema kwamba mpokeaji amekwishalipwa stahiki zote za marehemu, na kwamba hatadai mshahara, posho wala kitu kingine chochote. Chini ya kifungu hicho ilikuwapo saini yake, na kando yake muhuri wetu wa duara wenye mwezi na nyota.

Alikuja moja kwa moja msikitini. Tulimtarajia, ikiwa ana hasira, atukaripie, na tungestahili. Hakukaripia. Aliketi kwenye benchi la nje, akaiweka mezani nakala aliyopewa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ustadh, mimi nilidhani umesoma."

Mpaka leo hatujapata jibu la maneno hayo.

Ndugu msomaji, usiku ule hatukulala vizuri, na katika kuhangaika tulirudi kwenye swali la binti wa darasani. Tulifungua vitabu vyetu na kusoma kwa utulivu yale tuliyopaswa kuyasoma kabla ya kushika chaki. Tunayaeleza hapa kwa ufupi, kwa kuwa yanafafanua tulichokosea.

Wachunguzi wa asili ya maneno ya Kiingereza hulihusisha neno glance na neno la Kifaransa cha zamani lenye maana ya kuteleza, ambalo nalo limetokana na jina la barafu. Kabla halijatumika kwa jicho lilitumika kwa silaha: upanga au mshale uliopiga ngao kwa mshazari, ukakwaruza na kupita pembeni bila kuzama. Baadaye ndipo likahamia kwenye jicho. Kwa hiyo hata kwa wenye lugha yao, neno hili tangu mwanzo limebeba maana ya kugusa juu na kuteleza. Aliyeandika kichwa kile cha ukurasa wa kwanza hakutudanganya. Alituambia waziwazi kuwa hapa ni mahali pa jicho kuteleza, nasi tukateleza.

Ama tofauti aliyoiuliza binti yule, ni hii. Glance ni tendo la mtazamaji: ameamua mwenyewe kuelekeza jicho, na ameamua mwenyewe kuliondoa upesi. Dereva anayetazama kioo cha pembeni kabla ya kulipita lori lililo mbele yake amefanya hivyo, na kwake ni wajibu unaookoa roho. Glimpse ni kile kinachomfikia mtu kwa muda mfupi, mara nyingi bila kukusudia. Abiria wa basi linalopita Mlowo humwona sokoni mtu anayemfahamu, na kabla hajanyanyua mkono basi limekwishapita. Huyu hakuchagua ufupi wa kuona kwake. Yule wa kwanza amechagua. Tofauti iko katika nia, na sisi ambao tulisomeshwa tangu utotoni kwamba matendo huenda kwa nia tulikuwa wa mwisho kustahili kuikosa.

Sisi hatukupitiwa na karatasi za mama yule kama abiria wa basi. Zilikuwa mkononi mwetu. Tulichagua.

Kisha tukaitazama lugha yetu wenyewe, na hapo aibu ikazidi. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya jicho. Mtu hutupia jicho, hupitisha macho, huchungulia, hukodoa, hukazia macho, hukonyeza, hutazama, huangalia. Kuchungulia na kuchunguza yametoka shina moja, lakini anayechungulia amesimama nje ya mlango, na anayechunguza amekwishaingia ndani. Neno kuperuzi, ambalo vijana wetu wamelitoa kwenye Kiingereza na kulitumia kwa kupitia vichwa vya habari juu juu, huko lilikotoka lilikuwa na maana ya kusoma kwa makini tangu mwanzo hadi mwisho. Limevuka mpaka likaacha mzigo wake njiani.

Neno lililotuhukumu zaidi ni kuangalia. Mtu akitaka kumwonya mwenzake asijikwae, humpigia kelele, "Angalia!" Msimamizi wa nyumba au wa watoto huitwa mwangalizi. Umakini huitwa uangalifu. Lugha yetu, kwa hekima ya waliotutangulia, imefunga kuona na kutunza katika kitenzi kimoja. Mama yule hakutuambia tuzitupie jicho karatasi zake. Alisema, "Naomba uniangalizie." Aliomba uangalifu, tukampa mtupo wa jicho. Na ubaoni tulikuwa tumeandika "kuangalia kwa haraka", maneno ambayo, ukiyapima kwa mizani ya Kiswahili, yanagombana yenyewe kwa yenyewe.

Katika chuo tulichosoma, mwalimu wa sarfa alitufundisha kuwa Kiarabu kina wazni wa kuonyesha tendo lililofanyika mara moja tu, na kwamba nadhra ni kutazama kwa mara moja, ilhali nadhar ni kutazama na pia ni kufikiri. Kiswahili kilichukua nadhari kikabaki na maana zote mbili, kuona na kuzingatia. Tulikariri hayo tukafaulu mtihani. Kufaulu mtihani na kufahamu ni mambo mawili.

Kuhusu hukumu za jicho, sisi masheikh na maustadhi huzungumza sana, lakini aghalabu huzungumzia upande mmoja. Katika Surat An-Nur, aya ya 30 na ya 31, Allah (SW) anawaamrisha waumini wanaume, kisha wanawake, kuinamisha macho yao. Wafasiri wengi wamezingatia herufi min iliyomo katika aya hizo, wakasema inaonyesha sehemu: kwamba kinachotakiwa kuinamishwa ni baadhi ya kutazama, si kutazama kote. Swahaba Jarir bin Abdillah (RA) alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu jicho linaloangukia kitu ghafla, akaamrishwa aligeuze, kama ilivyopokewa na Muslim. Na katika mapokezi ya Abu Dawud na Tirmidhi, Ali (RA) aliusiwa asiufuatishe mtazamo wa kwanza kwa wa pili, kwani wa kwanza amesamehewa na wa pili ni juu yake. Angalia, ndugu msomaji, namna mafundisho hayo yanavyotenganisha lile lililomfikia mtu bila kutaka na lile alilolichagua. Ndiyo tofauti ileile aliyoiuliza karani wetu kwa lugha nyingine.

Vivyo hivyo, dini imeweka sharti la kubisha hodi kwa ajili ya jicho. Anayechungulia nyumba ya watu amevunja haki hata kama hajavuka kizingiti. Wapo wanaojitetea kwa methali kwamba macho hayana pazia. Ni kweli hayana, ndiyo maana mwenye macho akapewa kope na khofu ya Mungu.

Huo ni upande wa kutazama kupita kiasi, nao tunaujua vyema kwenye hotuba za Ijumaa. Upande wa pili ni kutazama pungufu ya kiasi. Mughira bin Shu'ba (RA) alipotaka kuposa, Mtume (SAW) alimwelekeza akamtazame mwanamke huyo, kwa kuwa hilo linasaidia mapatano baina yao. Hapo jicho halikuambiwa liiname, liliambiwa lifanye kazi yake. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu karatasi. Inaamrisha deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae, na pale mwenye kudaiwa anapokuwa dhaifu au hawezi kuimlisha mwenyewe, mlezi wake amsemee kwa haki. Tulipoisoma aya hiyo baada ya mkasa huu tuliona kazi yetu imetajwa ndani yake: mwandishi, shahidi, na yule anayemsemea asiyeweza. Tulikuwa wote watatu kwa mama yule, na katika yote matatu hatukufungua ukurasa wa tatu.

Na katika Surat Ghafir, aya ya 19, Allah (SW) anatujulisha kuwa anaijua hiana ya macho na yaliyofichwa vifuani. Siku zote tuliwafundisha vijana kuwa hiana hiyo ni jicho kuibia pasipo halali yake. Hiyo ndiyo tafsiri mashuhuri, wala hatuibadilishi. Lakini kwa nafsi zetu tumejifunza kwamba mtu aliyeaminiwa macho yake naye anaweza kuhini kwa kuyaondoa mapema.

Tulikwenda kwa sheikh wetu. Tulitarajia neno la faraja, kwani tulikuwa tumejiandalia utetezi: siku ile kulikuwa na shughuli nyingi, maandishi yalikuwa madogo, na Kiingereza cha sheria si cha kila mtu. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja.

"Katibu, uliisoma ukakosea, au hukuisoma?"

Tukajibu kuwa hatukuisoma yote.

"Basi hukumu ya aliyekosea usiitafute. Wakili ni muaminiwa, hadhamini kilichopotea mkononi mwake. Lakini akizembea, anadhamini. Wewe umejifundisha hayo kuliko mimi, vitabu vyake uko navyo nyumbani."

Tukamwambia kuwa mama mwenyewe amekwishasamehe, na kweli alikuwa amesamehe siku ileile pale kwenye benchi. Sheikh akatikisa kichwa. Mishahara ile, alisema, ilikuwa mali ya marehemu, na mali ya marehemu ni mirathi. Wazazi wa marehemu walishatangulia mbele ya haki, amebaki mjane na watoto wanne. Fungu la mjane mwenye watoto ni thumni, yaani sehemu moja katika nane. Katika shilingi 900,000 fungu lake ni shilingi 112,500, na hilo ana ruhusa ya kulisamehe. Shilingi 787,500 zilizosalia ni za yatima, na mama hana mamlaka ya kusamehe mali ya yatima. Hata saini yake ya ukurasa wa tatu, mbele ya sheria ya dini, isingeweza kuwaachisha haki yao. Bahati mbaya karatasi ilikuwa mkononi mwa mwenye lori, si mkononi mwa kadhi.

Kwa hiyo tunalipa. Posho ya katibu wa msikiti mnaijua, na kazi yetu ya kufundisha haina utajiri. Tumepatana na familia ile shilingi 75,000 kila mwezi, miezi kumi, na mwezi wa kumi na moja tutamalizia shilingi 37,500. Miezi mitano imekwisha. Hatulisemi hili ili tusifiwe, kwani anayelipa deni hajatoa sadaka. Na tuseme kweli yote: baina ya siku mama alipokuja na siku tulipokwenda kwa sheikh zilipita wiki tatu. Wiki hizo tulikuwa tukimkwepa njiani.

Pamoja na hayo, kamati haikuliacha suala lenyewe. Tulikwenda mara mbili ofisini kwa mwajiri, na mara zote mbili tulionyeshwa muhuri wetu wenyewe. Ndipo tukampata msaidizi wa kisheria, miongoni mwa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mwanamke huyo aliweka miwani, akazisoma kurasa zote nne kwa kidole, mstari kwa mstari, na ilimchukua karibu saa nzima. Tulikaa kimya tukimtazama. Alipomaliza alieleza kuwa upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008, ambao michango yake hutolewa na mwajiri wala haikatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi, na kwamba maombi ya familia ya aliyefariki kazini hupelekwa huko, hayangojei hisani ya mwenye lori. Maombi hayo yamepelekwa. Suala la mishahara naye anaendelea nalo. Likifanikiwa tutamshukuru Allah, na lisipofanikiwa, yatima hawatalala njaa wakilingoja.

Tunashukuru kwamba mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Lakini mapatano ya watu binafsi, hasa katika mji wa mpakani kama huu, bado huja kwa Kiingereza, na ataendelea kuwapo mama atakayezileta kwa mtu anayemwamini. Kwa ajili hiyo kamati yetu imeweka utaratibu mpya. Daftari la barua lina safu mbili ambazo hazikuwapo zamani: moja imeandikwa "Imepitiwa juu juu", ya pili "Imesomwa yote". Anayeleta karatasi huambiwa waziwazi ni ipi kati ya hizo mbili aliyofanyiwa. Muhuri haugongwi ila kwa safu ya pili. Zipo siku ambazo tunamwambia mtu arudi kesho, naye hununa. Heri anune leo.

Utaratibu huu si wa msikitini peke yake. Nyumbani, mtoto humletea baba daftari lake, na baba aliyeshika simu hutupa jicho, husema "vizuri", na mtoto hujua tangu siku hiyo kuwa neno "vizuri" halina thamani. Mke humweleza mumewe jambo lililomkaa moyoni, naye humtupia jicho mara moja na kurudi kwenye taarifa ya habari. Binti huletewa mchumba, na wazee huridhika na kanzu iliyopigwa pasi. Hatusemi kila kitu kikaziwe macho. Yako mambo ambayo haki yake ni jicho kupita upesi: aibu ya jirani, mlango ulioachwa wazi, sahani ya mgeni anayekula. Lakini anayesema "niangalizie" ametukabidhi amana, na amana hairudishwi nusu.

Tulirudi darasani pia. Tuliwaomba wanafunzi wafungue madaftari yao mahali palipoandikwa "kuangalia kwa haraka", wapige mstari. Tukawaeleza tofauti ya maneno yale mawili kwa mfano wa dereva na wa abiria, kisha tukawasimulia habari za ukurasa wa tatu. Binti aliyeuliza swali alisikiliza, akaandika, kisha akasema kwamba tangu sasa bosi wake akimwambia a-glance nyaraka, atamuuliza kwanza kama anataka pia aweke saini. Darasa likacheka. Sisi tulimwambia kuwa hilo ni swali la kuulizwa kweli.

Wiki iliyopita mama yule alikuja tena, akiwa na mwanawe wa darasa la sita. Alikuwa na barua kutoka shule, ukurasa mmoja, ya Kiswahili, na mtoto angeweza kumsomea mwenyewe. Hata hivyo aliiweka mezani. Tukavuta kiti, tukaisoma kwa sauti tangu anwani mpaka jina la mwandishi: habari za mchango wa chakula cha mchana, tarehe ya kikao cha wazazi, na soksi nyeupe. Alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Hakuna kingine?" akauliza.

Tukaigeuza karatasi, tukamwonyesha upande wa nyuma. Ulikuwa mtupu.

Tunamuomba Allah (SW) atusamehe yaliyopita, na atujaalie macho yanayoinama panapopasa na kubaki wazi panapopasa. Wabillahi tawfiq.